Saa za Taa Nyekundu na Saumu ya Mwaka 1984

Jamaa zetu hapa Tarime hucheka kila wanapoliona sanduku letu la mbao likifunguliwa. Ndani yake mna saa za mkono 11 na vikokotoo 4, vyote vya zama zile ambazo tarakimu zilikuwa zikiwaka kwa taa nyekundu. Nyingi haziendi tena. Mama watoto amekwisha kutuuliza mara nyingi kama jambo hili si israfu, na wanafunzi wa chuo chetu huuliza kwa nini mwalimu wa Kurani aweke vyombo vibovu katika chumba kimoja na misahafu. Leo twapenda kuwajibu, ijapokuwa jibu lenyewe lina aibu yetu ndani yake.

Yafaa kwanza tueleze saa hizi ni za namna gani, kwani vijana wa leo hawakuziona. Taa ndogo nyekundu ya namna hiyo aliionyesha Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962, na miaka 10 baadaye, yaani 1972, ikauzwa saa ya kwanza ya mkono ya elektroniki yenye tarakimu za kuwaka, jina lake Pulsar. Ilikuwa ya dhahabu, na bei yake dola 2,100, karibu na bei ya motokaa ndogo wakati ule. Taa zake zilikula betri mno, kwa hiyo uso wa saa ulikaa giza mpaka mwenyewe abonyeze kitufe kwa mkono wa pili. Ndipo tarakimu ziwake kitambo kidogo, kisha zizime. Mwenye kubeba mzigo mkononi hana saa! Tena juani hazisomeki vema, lakini alfajiri, penye giza, hung'aa kama kaa la moto. Mwaka 1976 kampuni ya Texas Instruments ikatoa ya plastiki kwa bei isiyofika dola 20, na haikupita miaka mingi zikaja saa za tarakimu nyeusi, zinazoonekana wakati wote bila ya kubonyezwa. Basi zile nyekundu zikaachwa.

Mjomba wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na moja. Wasomaji wenye umri wetu wanakumbuka kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa ila mwishoni mwa 1983. Hata hivyo Sirari na Isebania ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja, na vitu vilikuwa vikipita usiku. Mjomba aliinunua saa yake kwa mtu aliyevuka, na hatutamtetea kwa hilo. Ilipofika mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo watu walikuwa wakitupa hata sabuni na vitenge kwa hofu, yeye aliitia saa katika kopo la chai akalifukia chini ya ghala la mahindi. Mpaka ulipofunguliwa akalifukua, akatununulia betri, akatupa sisi kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuhitimu Kurani. Tulikuwa na miaka 13. Hapakuwa na kijana mwenye kiburi zaidi yetu katika Tarime yote.

Ramadhani ya mwaka uliofuata, 1984, iliangukia mwezi wa Juni. Muadhini wetu alikuwa mzee aliyetazama jua kwa macho yake, wala hakutaka habari ya saa. Siku moja alikwenda Mugumu kuzika, na wazee wakatuachia sisi adhana ya Magharibi. Tulikuwa na ratiba ya nyakati iliyopigwa chapa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam, aliyotuletea msafiri, na saa tulikuwa tumeisawazisha kwa taarifa ya habari ya redio. Wingu zito lilikuwa limefunika mbingu tangu Alasiri. Ilipowaka 6:15 tukaadhini. Watu wakafuturu kwa uji na mihogo, wakajipanga safu. Tukiwa katika rakaa ya pili wingu likafunguka, na jua likaingia kwa dirisha la kushoto likapiga ukuta wa kulia, jua la manjano kabisa, lililo juu ya vilima.

Hatukuweza kuinua uso. Imamu alipotoa salamu hapana aliyesema neno, ila bibi mmoja nyuma ya pazia aliyeuliza, "Jamani, hilo ni jua au ni mwezi?"

Hapa ndipo penye elimu ambayo hatukuwa nayo siku ile. Saa ya Tanzania yote hufuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, mstari ambao hata haukanyagi nchi yetu, bali hupita kule karibu na Mogadishu. Jua hutumia dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja. Tarime ipo kwenye nyuzi 34 na kidogo, kwa hiyo jua letu huwa nyuma ya saa kwa dakika 40 na zaidi. Na Dar es Salaam, iliyo kwenye nyuzi 39, hututangulia kwa dakika 19 hivi. Tena kwa kuwa Dar es Salaam ipo kusini zaidi, mwezi wa Juni mchana wake ni mfupi kuliko wetu. Basi siku za Juni jua la Dar es Salaam huzama kama saa 12 na dakika 15, na la Tarime kama saa 12 na dakika 43. Tuliwafuturisha watu karibu nusu saa kabla ya wakati. Ile saa haikukosea hata dakika moja, na ratiba nayo ilikuwa sahihi kwa wenyewe.

Mjomba hakutupiga. Alitwambia, "Mwanangu, kulikuwa na wingu, ungengoja." Kisha akatufundisha kuwa jambo kama hili liliwapata hata watu wa zama za Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Asma binti Abubakar, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi siku hiyo hulipwa. Watu wote wa msikiti ule wakawa na deni la siku moja kwa sababu yetu. Baada ya Idi tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiomba radhi. Yule bibi wa nyuma ya pazia alifariki mwaka ule ule kabla hajailipa siku yake, naye alikuwa peke yake, hana mtoto. Tulitoa kibaba cha mtama kwa maskini kwa ajili yake. Na kila Juni hutukumbuka sauti yake.

Tangu hapo saa hizi zimekuwa zikitufuata. Mafundi wa saa katika vibaraza vya Tarime walikuwa wakizitupa kwa kukosa betri, kwani kila moja hutaka mbili, nazo huisha upesi. Fundi mmoja wa Mugumu alituuzia 5 kwa bei ya kilo moja ya sukari, akidhani tumepungukiwa na akili. Moja imepakwa dhahabu. Hiyo hatuivai, kwani dhahabu ni haramu kwa wanaume, na mama watoto, huyu huyu mwenye kulalamikia israfu, amekwisha kuidai mara mbili.

Vikokotoo vilikuja baadaye, kwa sababu ya mirathi. Kimojawapo ni TI-30, kilichotoka mwaka 1976, nacho hutumia betri ya volti 9 inayopatikana dukani hata leo. Huwasomesha vijana ile mas-ala mashuhuri ya mimbari: mtu amekufa akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Wakijumlisha thumni, thuluthi mbili, sudusi na sudusi, huwaka 1.125. Hushangaa: mafungu yamezidi mali! Hapo hatusemi neno, twafunga kikokotoo, twafungua kitabu, tukaeleza jinsi mafungu 24 yanavyofanywa 27, na mke akapata 3 katika hayo, yaani tusui. Na hapa kwetu Ukuryani mali ni ng'ombe. Kikokotoo kingine, kidogo na duni, ukigawanya 1 kwa 3 kisha ukazidisha kwa 3 hukurudishia 0.9999999. Mzee mmoja tuliyemwonyesha aliuliza ile sehemu ya ng'ombe iliyopotea ameila nani.

Saa ya mjomba bado inakwenda tukiitia betri. Twaiweka kwa saa ya redio kama zamani, na jioni za Ramadhani kijana wa kuadhini huibonyeza, kisha hutoka nje kutazama magharibi. Kioo chake kimepasuka. Ikiwa msomaji yeyote wa Musoma, Bunda au kwingineko analo ganda la saa ya namna hii lenye kioo kizima, tafadhali asilitupe; na kama betri za zamani zimo ndani, azitoe leo, kwani huvuja na kuoza nyaya.