Kuni za Udzungwa

Sisi tuliokulia Mang'ula tulikuwa na milima ya Udzungwa upande mmoja, na upande wa pili mashamba ya miwa na mpunga ya bonde la Kilombero. Nafasi ya katikati ilikuwa finyu, kwa hiyo lolote lililoamuliwa kuhusu msitu lilifika mpaka jikoni kwetu.

Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1992, ikiwa na kilomita za mraba 1,990, kina mama waliendelea kuruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mama aliondoka alfajiri na ngata yake ya kitenge kikuukuu. Alirudi jua likiwa kali, akatua mzigo, akanywa maji, ndipo akatusimulia: mbega wekundu wakichuma majani machanga, sange akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu.

Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Watu walikuwa wameongezeka mno bondeni, na ndani ya mizigo ya kuni kavu zilikwishaanza kuonekana fito mbichi. Msitu ulihitaji kupumzika, na mama alilielewa hilo. Lakini chakula lazima kiive. Akahamia kwenye jiko la pumba za mpunga: unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia pumba kuizunguka, kisha unaichomoa taratibu ili libaki tundu la kupitishia moto. Nyuma ya nyumba akapanda miti ya kuni, akaingojea ikue.

Miaka hiyohiyo wageni walizidi kuja. Udzungwa haizungukwi kwa gari. Anayetaka kuiona hupanda kwa miguu, tena na mwongozaji. Mdogo wangu wa kike alijifunza kazi hiyo. Leo huwapeleka wageni kwenye maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, akiwasimulia habari za mangabi wa Sanje, kima asiyepatikana kwingine duniani ila katika milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ingawa watu wa kwetu walikuwa wakiijua sauti yake tangu zamani.

Msitu ule mama aliingia kutafuta kuni; binti yake anaingia kutafuta riziki, na miti inabaki imesimama. Hayo ni mabadiliko ninayojivunia. Hata hivyo, mwongozaji mmoja hulisha nyumba moja, ilhali marufuku ya kuni iligusa kila nyumba. Askari wa hifadhi wanastahili sifa kwa kuulinda msitu huu, na kina mama wa Mang'ula na Sanje wanastahili sifa hiyohiyo, kwa maana ndio waliobeba gharama kabla mgeni hajalipa kiingilio. Fedha za utalii zinapogawiwa vijijini, zianzie kwao: miche ya miti ya kuni, majiko bora, mitungi ya gesi. Hiyo si hisani. Ni deni.