Neno "Take" na Dawa ya Nyanya

Yuko mwanafunzi gani asiyelijua neno "take"? Ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mtoto hufundishwa katika Kiingereza. Mimi niliambiwa kuwa maana yake ni "chukua". Nilikariri hivyo, nikaridhika. Sikiliza, msomaji, jinsi kuridhika huko kulivyotuponza.

Nyanya yangu aliugua, akarudi kutoka zahanati na chupa ya vidonge. Juu yake paliandikwa kwa Kiingereza: "Do not take with food." Nyanya hakujua kusoma, mimi ndimi niliyekuwa macho yake. Nikamwambia kwa fahari, "Nyanya, dawa hii haichukuliwi pamoja na chakula."

Naye akatii. Aliiweka chupa mbali na jiko, ndani ya sanduku la nguo, na kila siku, baada ya kushiba, aliiendea huko akameza kidonge chake. Siku zikapita, ugonjwa ukabaki pale pale. Tuliporudi zahanati ndipo mwuguzi alipotueleza kuwa dawa ile humezwa kabla ya kula, tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula huipunguzia nguvu. Nyanya hakunikemea. Alisema tu, "Mjukuu wangu, ulinisomea neno, hukunisomea habari."

Tangu siku hiyo nilianza kulichunguza neno lile. Mwingereza hulitumia kwa dawa, nasi twaimeza. Kwa basi, nasi twalipanda. Kwa picha, nasi twaipiga. Kwa mtihani, nasi twaufanya. Kwa kiti, nasi twakikalia. Ndege ikipaa na mtu akivua kofia, kwake yote mawili ni "take off". Mtoto akifanana na mamaye, hiyo ni "take after". Na neno lenyewe lilikuwa geni huko Uingereza. Liliingia pamoja na mabaharia wa Skandinavia, waliovamia nchi ile na kulowea humo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, likalisukuma kando neno la wenyeji, "niman", hata likaacha kutumika.

Wala tusimcheke Mwingereza. Sisi tunalo "piga". Twapiga pasi, twapiga hodi, twapiga magoti, twapiga kura, twapiga mbizi, wala hapana aliyeumia. Mgeni akidhani kila "piga" ni la fimbo, atatuona watu wakatili sana.

Basi, msomaji, neno ni kama mtu: hutambulikana kwa wenziwe. Ukilikuta katika sentensi, usiliulize maana likiwa peke yake. Tazama limeandamana na nani, kisha ujiulize msikilizaji wako atatenda nini akikuamini.

Nyanya alianza kumeza dawa yake kabla ya kula, akapona. Lakini hata leo, nikiombwa kumsomea mtu barua au karatasi ya dawa, huiona ile chupa ndani ya sanduku la nguo, nami husoma mara ya pili kabla ya kufungua kinywa.