Mushitu, pori lisilokauka



Katika vitabu vya jografia tunasoma juu ya misitu ya Kanada na Urusi, kule kaskazini ya mbali, yenye miti inayobaki kijani hata wakati wa theluji. Watoto wakauliza: na sisi huku kaskazini ya Zambia, tuko nayo? Tuko nayo. Kwa Kibemba inaitwa mushitu. Wazee waliotoka upande wa Pweto jina hilo wanalijua. Lile pori la kijani la nchi kavu Katanga wanaliita muhulu.

Basi mwezi wa tisa tukatembea na darasa kwenda kuona. Njiani kote rangi ya majivu, moto ulikuwa umepita, miti imebaki fimbo, mingine ndiyo inaanza kutoa majani mekundu. Halafu bondeni, pale maji yanapotoka chini ya ardhi, kijani kizito. Tukaingia, baridi ikatupiga. Udongo mweusi unameza mguu mpaka kifundoni. Misafwa imesimama ndani ya maji. Watoto ambao darasani hawanyamazi, walinyamaza.

Moto wa kila mwaka hauingii mule. Chini ni maji, na juu majani yamefunga jua, basi nyasi haziwezi kuota.

Lakini pembeni tuliona haya. Nguzo za banda letu la darasa tulizikata hapohapo mwaka jana, kumi na tatu. Hakuna aliyetukataza, wala hatukuuliza. Pale tulipokata jua limeingia, nyasi zimeota, na moto umefuata nyasi. Kuna msafwa umeungua mpaka mizizini.

Mzee mmoja mwenyeji alikuwa anachota maji. Hakutugombeza. Alituonyesha tu kisima, akasema mwaka huu kimeshuka mapema. Na kisima hicho mama zetu pia wanachota.

Tangu 2017 tulipopokelewa Kenani, na 2018 familia nyingi zilipohamia Mantapala, kuni na nguzo tunatafuta katika mapori hayahaya. Hatuwezi kupika bila kuni, hilo linajulikana. Ila kuni za pori kavu zipo, mbali kidogo.

Banda la pili bado linataka nguzo. Mzazi anayejua pa kupata miti, nje ya mushitu, atufikie darasani kabla mvua haijaanza. Safari hii tutapita kwanza kwa mwenye kijiji.