Mamba Aliyefungwa Mdomo



Tulivuka kutoka Unguja kwenda Mombasa kumpeleka bi harusi wetu. Fungate ilipokwisha, mumewe akaturuhusu tumchukue pamoja na watoto, tukaenda kutazama maonyesho ya mamba kwenye bustani moja ya wanyama. Tuliambiwa ni darasa la watoto, na kweli tulijifunza.

Mwonyeshaji alieleza kuwa taya za mamba zina nguvu kubwa mno za kuuma, lakini misuli ya kuzifungua ni dhaifu. Akisema amekaa juani kaachama, si ukali, anapunguza joto. Na mamba jike hufukia mayai yake mchangani, huenda yakafika 50, akayalinda karibu miezi mitatu. Watoto wanapokaribia kutoka, hulia wakiwa ndani ya yai. Mama akasikia, akawafukua, akawabeba mdomoni mpaka majini. Kwa meno yale yale! Sote tulisema Subhanallah.

Kisha akaletwa mtoto wa mamba, mdomo umefungwa kwa mpira, watu wapange foleni, walipe, wapige naye picha. Akapita mkono hadi mkono. Ilipofika zamu ya bi harusi, hina bado imekoza viganjani, sisi tumeshainua simu. Akatunong'oneza, "Jamani, mbona koo linampwita hivi?"

Hapo mwanetu wa miaka sita akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Mwonyeshaji alicheka. Sisi hatukuwa na jibu. Bi harusi akamrudisha yule mamba, na picha hatukupiga.

Njiani tukabishana. Shangazi alisema, "Watoto wetu mamba wangemwona wapi? Na huyu halali njaa." Ana haki. Asiyemjua kiumbe humwogopa tu, na amwogopaye humtakia kufa. Lakini tukakumbushana hadithi ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tumezoea kuisoma kama habari ya njaa. Siku ile tuliisoma pia kama habari ya kufunga.

Tulichokubaliana ni hiki. Mamba akitazamwa bwawani mwake, ametulia, mjuzi akieleza, hilo ni darasa. Akifungwa mdomo ili sisi tupendeze pichani, huo ni mchezo wetu, yeye hana lake. Na tazameni walichokumbuka watoto walipofika nyumbani: hawakuhadithia ngozi waliyoigusa, walihadithia mama anayebeba wanawe kwa meno. Hilo walilipata kwa masikio tu.

Bi harusi, kesho wewe ndiye madrasa ya kwanza ya wanao. Kabla hujalipia picha ya aina hii, mtazame kwanza huyo kiumbe, kisha uwatazame wanao wanaokutazama wewe.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake vyote. Amin.