Siku Moja ya Mwanafunzi katika Milima ya Usambara

Mwezi huu twataka kuwachukua safari ya milimani, mpate kuona jinsi mwanafunzi wa shule ya sekondari anavyoipitisha siku yake, tangu alfajiri hata usiku. Wengi wetu twapeleka watoto shuleni. Walakini ni wachache waliopata kumfuata mtoto hatua kwa hatua na kuhesabu saa zake. Sisi tulifanya hivyo huko Usambara, upande wa Lushoto, na mambo tuliyoyaona yafaa yajulikane katika kila nyumba.

Mtu atokaye Tanga au Dar es Salaam kwenda Moshi hupita Mombo, mji mdogo ulio chini ya mlima, mahali penye joto na vumbi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905. Hapo Mombo gari laiacha barabara kuu, laanza kupanda. Njia yajipinda kandokando ya mwamba, bonde likiwa chini yake, yapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilometa 33 hivi yafika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Huko juu, yapata meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, watu huvaa makoti mwezi wa Juni na Julai, na ukungu hulala mabondeni hata jua lipande. Mashamba yamejaa kabichi, karoti, viazi na maharage. Hakuna kipande cha ardhi kilichoachwa bure.

Shule si jambo geni katika milima hii. Wamisionari walijenga Mlalo mwaka 1891, na watoto wakaanza kufundishwa kusoma. Lakini elimu ya sekondari ilikuwa ya wachache kwa muda mrefu. Mwaka 2004 serikali ilianza mpango mkubwa wa kuongeza shule za sekondari. Wananchi wakahimizwa kujenga shule katika kila kata, wakabeba mawe na mchanga kwa mikono yao. Tena tangu Januari 2016 ada imeondolewa, ile iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa. Basi mlango umefunguliwa. Na tumtazame mmoja aliyeuingia.

Tulipokewa katika nyumba ya mkulima mmoja, juu ya kilima, mbali na barabara. Binti yake yuko kidato cha tatu, na mdogo wake, mvulana, yuko kidato cha kwanza katika shule ile ile. Majina yao hatuyataji, maana habari zao ni habari za watoto wengi.

Saa kumi na nusu alfajiri, kungali giza, tulisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Binti ameamka. Akawasha moto, akabandika maji, akafagia uani, akawaosha nyuso wadogo zake wawili, kisha akavaa sare na sweta. Alipotuona akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Tukamwitikia, tukamwuliza kama amekunywa chai. Akajibu, "Nitakunywa nusu kikombe, mwalimu, nisichelewe." Kaka zetu na dada zetu wa mjini huamshwa na mama, huyu ndiye anayeiamsha nyumba.

Saa kumi na moja na nusu tukatoka pamoja. Mwendo ni kama kilometa sita, lakini kilometa za mlimani si sawa na za uwandani. Njia yashuka kati ya mashamba, yavuka kijito kwa gogo, yapanda tena penye mikaratusi, kisha yashuka mpaka barabara ya magari. Nusu saa ya kwanza ni giza. Wasichana huitana kutoka kilima hata kilima, wapate kwenda kundi moja. Walipofika barabarani, waendesha pikipiki wawili walisimama wakawaambia wapande, hawatadaiwa nauli. Wasichana wakakaza mwendo bila kujibu. Hapo tulifahamu kwa nini huitana gizani. Mtoto aliyechoka akipewa nafasi ya bure leo na kesho, kesho kutwa ataombwa malipo ya namna nyingine. Sheria ya mwaka 2016 yamhukumu mtu ampaye mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, nayo ni sheria kali. Lakini sheria huja baada ya msiba, na kundi la wasichana huja kabla yake. Yafaa tujue pia kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa ajili ya uzazi ameruhusiwa kurudi shuleni. Mzazi asimfungie mlango mtoto ambaye shule imemfungulia.

Saa moja kamili tulifika. Wanafunzi wakashika mafagio, wengine wakachota maji, wengine wakamwagilia bustani. Kengele ilipolia wakapanga mistari, wakaimba wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu akakagua kucha, viatu na sare. Saa mbili wakaingia darasani. Kila kipindi ni dakika 40, na siku ile walikuwa na Hisabati, Jiografia, Kiingereza, Baiolojia na Kiswahili.

Tuliomba ruhusa tukaketi nyuma katika kipindi cha Baiolojia. Somo lilikuwa jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Mwalimu ni kijana mwenye bidii, akafundisha kwa Kiingereza kama desturi ya sekondari ilivyo. Akauliza swali: darasa likanyamaza kimya. Akauliza tena: macho yote yakaangalia daftari. Ndipo akauliza kwa Kiswahili, kwa nini mche wa kabichi uliofunikwa kivulini hunyauka na kuwa wa njano. Mikono kumi ikainuka kwa mara moja! Watoto hawa wamelima tangu utotoni. Jambo lenyewe walijua, walilokosa ni maneno yake. Nyumbani husema Kisambaa, katika shule ya msingi wamefundishwa kwa Kiswahili, na walipoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili yakageuka kuwa ya Kiingereza. Ndiyo kusema mtoto hujifunza kila jambo mara mbili: kwanza lugha, kisha jambo lenyewe. Kazi hiyo ya pili haimaliziki darasani. Yataka saa za utulivu, na kamusi, na kurudia.

Adhuhuri walikula kande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja katika sufuria kubwa. Nafaka hii wazazi huitoa wenyewe kwa makubaliano. Mwalimu mkuu alituambia kwamba mwezi ambao chakula hukosekana, mahudhurio ya mchana hupungua na waliobaki husinzia. Hatukushangaa, mtoto aliyekunywa nusu kikombe cha chai saa kumi na moja atasikilizaje hesabu saa nane?

Masomo yalikwisha saa nane na dakika 40, wakafanya usafi, na saa tisa wakaondoka. Kurudi ni kupanda, nasi tulipumzika mara tatu, hali watoto walitungoja kwa adabu. Tulifika nyumbani saa kumi na moja kasorobo. Binti akavua sare akaianika, akachukua ndoo akaenda kisimani, akarudi akaenda kutafuta kuni, akarudi akamenya viazi, akasonga ugali, akawaogesha wadogo zake, akaosha vyombo. Mdogo wake wa kidato cha kwanza alimkatia ng'ombe majani, kazi ya nusu saa, kisha akaenda kucheza mpira mpaka giza. Hatumlaumu, maana hakuna aliyemwagiza zaidi.

Saa mbili usiku binti aliketi mezani, akawasha taa ndogo ya nguvu ya jua, akafungua daftari la Baiolojia. Saa tatu tulipomtazama, kichwa kilikuwa juu ya daftari na kalamu ingali mkononi. Amelala.

Basi, wasomaji, tufanye hesabu pamoja. Tangu saa kumi na nusu alfajiri hata saa tatu usiku ni saa 16 na nusu. Shuleni alikuwa saa nane. Njiani, kwenda na kurudi, saa tatu na robo. Kazi za nyumbani, asubuhi na jioni, saa nne na robo. Kusoma kwake mwenyewe ilibaki saa moja, nayo saa ya uchovu. Mwaka ujao mwezi wa Novemba atakaa katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, karatasi moja na mwanafunzi wa mjini anayekaa jirani na shule, na mwanafunzi wa bweni ambaye jioni yake yote imewekwa kwa kengele. Si mbali na hapo iko Mazinde Juu, shule ya bweni ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1989. Huko jioni wasichana hawatafuti kuni gizani. Si kila mzazi aweza kumpeleka mtoto bweni. Lakini bwenini mtoto huwekewa wakati wake, na wakati haununuliwi dukani.

Usiku ule tulizungumza na wazazi. Baba akasema kwa haki, "Mwalimu, zamani tulisema hatuna ada. Sasa ada haipo. Sare nimenunua, daftari nimenunua, mahindi ya shule nimepeleka. Mtoto nimempa kila kitu." Mama alikuwa akimfunika binti kanga penye meza. Akasema polepole, "Kweli, baba watoto, umempa. Wakati tu hatukumpa." Baba hakujibu upesi. Kisha akamwita mvulana, akamwambia, "Mwanangu, kuanzia kesho maji na kuni ni kazi yako, ndipo mpira." Mvulana akakunja uso, akaitikia, "Ndiyo, baba." Mama akasema ugali wa jioni atausonga yeye, na binti atapika Jumamosi.

Kwa mabadiliko hayo madogo, binti atapata kuketi mezani saa kumi na mbili na nusu badala ya saa mbili. Ni saa moja na nusu zaidi kila siku. Kwa siku tano za shule ni saa saba na nusu, karibu sawa na siku nzima ya shule iliyoongezwa kila juma, bila mtu kutoa hata senti moja.

Kwenu wazazi, twasema haya. Kazi za nyumbani ni malezi mema, wala mtoto asiyeijua kazi hakulelewa. Lakini zigawanywe, wavulana kwa wasichana, tena zimwachie mwanafunzi saa mbili za kusoma kabla usingizi haujamshinda. Watoto waendao mbali wasitoke peke yao; wazazi wa kilima kimoja wapatane, mtu mzima mmoja awasindikize mpaka barabarani. Na chakula cha shule kisichelewe.

Kwenu walimu: mwanafunzi asinziaye msimwite mvivu kabla ya kumwuliza ameamka saa ngapi. Mkipata nafasi, mfuateni siku moja mpaka kwao, kwa miguu yenu. Na ninyi mlio na vyumba karibu na shule, hata chumba cha kanisa, kifungueni Jumamosi, kiwe na meza na taa, ili watoto wa mbali wapate mahali pa kusomea kwa utulivu.

Shule za kata tulizijenga kwa mawe tuliyoyabeba wenyewe. Wakati wa kusoma nao ni kama jiwe. Hauna budi kubebwa na mtu, na wa kuubeba ni sisi tulio nyumbani.