Kipanya Kina Uzito Gani?

Tuliporejea kutoka Dodoma mwezi wa Juni, kwenye mkutano wa mafunzo ya walimu wa kompyuta, watoto walitupokea kwa swali moja: "Mama, umetuletea nini?" Sisi ni walimu wawili, majirani, tunaofundisha katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Mabegini mwetu mlikuwamo ubuyu, vyeti vyenye muhuri, na kadi tano za karatasi ngumu zilizochorwa vitone. Ubuyu uliisha usiku uleule. Vyeti vimo kabatini. Kadi ndizo zilizotukosesha usingizi.

Hatuna budi kukiri kwanza yaliyotangulia. Shule yetu ina kompyuta kumi na moja, na siku tulipoondoka saba zilikuwa nzima. Tulizishonea vifuniko vya kitambaa, tukatia kufuli mbili mlangoni, na ufunguo ukawa unazunguka baina ya mikoba yetu. Tulihofia vumbi, tulihofia umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na zaidi ya yote tulihofia kuulizwa nani kaharibu. Basi tukafundisha kwa chaki. Tulichora kibodi ubaoni, tukachora na kipanya, wanafunzi wakanakili, na wengi wakafaulu mitihani.

Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha nne, aliyekuwa akiongoza katika somo letu, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kipanya kina uzito gani?" Darasa likacheka. Nasi, Mola atusamehe, tukacheka.

Safari ya Dodoma ni ndefu: Segera, Chalinze, Morogoro, ndipo ufike. Tuliwaacha watoto kwa bibi zao tukiwa na matumaini makubwa. Siku ya kwanza zilisomwa hotuba. Siku ya pili tulioneshwa picha za madarasa yenye vifaa ambavyo hatujawahi kuviona. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Projekta ikazimika, na tukadhani tutaruhusiwa kwenda kunywa chai.

Mwezeshaji wetu, mama wa makamo, hakututoa ukumbini. Alichukua kadi tano zenye vitone 16, 8, 4, 2 na 1, akawasimamisha walimu watano mbele, kila mmoja na kadi yake. "Nipeni kumi na tisa," akasema. Wenye 16, 2 na 1 wakaonesha vitone. Wenye 8 na 4 wakageuza kadi. Aliyeonesha akaandikwa moja, aliyegeuza akaandikwa sifuri, ikasomeka 10011. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoitunza namba. Kwa kadi hizo tano mtu huhesabu kutoka sifuri hadi 31, na akiongeza ya sita yenye vitone 32, hufika 63. Alitueleza kwamba mbinu hii ya kufundisha sayansi ya kompyuta pasipo kompyuta ilikuzwa na Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, huko New Zealand, pamoja na wenzake, tangu miaka ya 1990. Somo ambalo sisi hulimaliza kwa wiki mbili za kukariri lilieleweka kwa robo saa, tena gizani.

Kisha akauliza: "Nani miongoni mwenu ambaye wanafunzi wake wote wamegusa kompyuta mwaka huu?" Mikono ikainuka ukumbi mzima. Na yetu ikainuka.

Mzee mmoja, kiti cha nyuma, hakuinua. Alisimama akasema: "Mimi nina kompyuta mbili na wanafunzi mia na ishirini. Nina daftari la majina. Kila mmoja nampa dakika tano. Sijawamaliza. Nimefika themanini."

Ukumbi ulinyamaza. Yeye mwenye mbili alikuwa amefika themanini, akaona haya kusema wote. Sisi wenye saba hatukuwa tumefika kumi, na mikono yetu ilikuwa bado juu.

Tuliporudi tulimweleza mkuu wa shule ukweli wote. Akauliza, "Na zikiharibika?" Tukamjibu kwamba zinaharibika hata zikifungiwa: kati ya nne zilizokufa, hakuna hata moja iliyoharibiwa na mwanafunzi. Tatu ziliuawa na umeme, na ya nne nyaya zake zilitafunwa na panya, panya wa kweli. Akacheka, akaruhusu.

Sasa nasi tuna daftari. Kila mwanafunzi hupata dakika kumi, na wanaongoja zamu hucheza kadi za vitone nje ya mlango. Wiki ya tatu kijana mmoja alijikwaa kwenye waya, kompyuta ikaanguka na haikuwaka tena. Zimebaki sita. Hatukumwadhibu, jina lake liliingia kwenye zamu ya wiki iliyofuata kama la mwingine yeyote.

Lakini yule binti alikuwa amekwisha kumaliza shule. Tulikwenda kwao kumwulizia. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatusimulia kwamba binti alikwenda kwa shangazi yake Dar es Salaam, akapata nafasi ya kujaribiwa kazi katika duka la kuchapa na kunakili. Mwenye duka alimpa barua moja aichape. Alirudishwa siku hiyohiyo. "Alisema mlimfundisha vizuri," mama akatuambia, "ila hakujua aanzie wapi." Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Walimu wenzetu, mikutano hii tuihudhurie, kwa kuwa ina faida. Lakini cheti hakimfikii mwanafunzi. Kinachomfikia ni kile tutakachokifungua tukirudi. Nanyi wazazi, mtoto akija nyumbani na alama nzuri za kompyuta, mpongezeni, kisha mwulizeni: "Umeigusa?" Akisema hapana, njooni shuleni mtuulize sisi.

Ufunguo wetu siku hizi unaning'inia kwenye msumari, ofisi ya walimu. Binti tumemtumia salamu kwamba Jumamosi mlango huwa wazi. Bado hajaja, nasi bado tunamngoja.