Mama, Ni Mimi

Mama yangu ni mzee. Anakaa Luhwindja, mlimani, nami nafanya kazi Bukavu. Mdogo wangu anachimba dhahabu Kamituga. Tangu pesa za simu zilipoanza kuenea katika Kongo mwaka 2012, hatuna haja tena ya kumpa dereva bahasha. Ni jambo jema. Lakini mwizi naye amepata njia.

Jioni moja simu ya mama ililia. Namba ngeni. Mtu akasema kwa kilio: "Mama, ni mimi." Mama akashtuka, akamtaja mdogo wangu kwa jina: "Ni wewe?" Basi! Mwizi hakujua jina lolote; mama ndiye aliyempa. "Ndiyo mama. Shimo limeporomoka, simu yangu imefukiwa, waganga wa hospitali wanataka dolari 40 kwanza." Nani wa Mwenga asiyekumbuka tarehe 11 Septemba 2020, mgodi ulipoporomoka Kamituga wakafa watu wapatao 50? Mama hakungoja. Alikuwa na fedha za kununua mbegu za maharagwe. Akakimbia gizani mpaka kibanda cha pesa za simu, akazituma zote.

Kesho yake mdogo wangu akapiga simu kusalimu tu, mzima kabisa.

Nilipopata habari, nilipanda Luhwindja nikamgombeza mama kama mtoto mdogo. Akanyamaza. Akaificha simu sandukuni siku nyingi. Hapo nikaona haya, maana nani alimzoeza kutuma upesi bila kuuliza? Sisi wanawe. Mara ngapi nimempigia kwa simu ya kuazima: "Mama, ni mimi, nitumie haraka, nitakueleza baadaye"? Mwizi aliiga maneno yetu tu.

Tukakaa kitako, tukapatana. Anayeomba fedha, hata akilia, ataulizwa jina la ng'ombe wa mahari ya mama. (Sitaliandika hapa, mnisamehe.) Kisha mama atakata simu na kupiga namba aliyoizoea. Na namba yake ya siri hatamwambia mtu, hata mimi.

Baada ya miezi miwili mdogo wangu alipiga kwa simu ya rafiki; yake haikuwa na moto. Safari hii alikuwa na homa kweli, lakini jina la ng'ombe alikuwa amelisahau. Mama akakata. Siku ya tatu akafika kwa pikipiki, amekonda, amekasirika. Mama akampa uji, akamngoja amalize, akauliza: "Haya, ng'ombe yule aliitwa nani?"